Mjuzi Aliyenakili Kanga za Michenzani

Enzi zetu, mjuzi hakupata neno jipya kwa kubonyeza kioo cha simu. Aliteremka ngazi, akaenda kwa mwenye neno, akaamkia, akaomba, akasubiri, na pengine akafukuzwa. Nayasema haya kwa majivuno na wala sioni haya. Mimi, Rukia binti wa Bi Mwanaidi wa Michenzani, nilikuwa mjuzi mkubwa kuliko wote katika maghorofa yale, nikiwa na miaka kumi na moja, meno ya mbele yamepishana, na daftari la mistari lenye jalada la buluu. Anayebisha aje.

Mliokulia mjini zama zile hamhitaji kuelezwa. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, na baada ya Laasiri mtoto ni wa ngazi. Maghorofa ya Michenzani ni marefu mno, na ngazi zake zilikuwa uwanja wetu na sebule yetu. Chini kulikuwa na bomba, na kwa kuwa maji hayakupenda kupanda juu, kina mama walipanga foleni na ndoo zao tangu mchana. Harufu ya mhogo wa kukaanga ilipanda ghorofa moja baada ya nyingine, ikifuatwa na sauti ya mama wa mtu akiita jina la mtoto, na mtoto anajibu "Naam!" bila ya kunyanyuka alipokaa. Wasichana wenzangu walicheza nage na mdako. Mie nage ilinishinda, kila siku nilipigwa wa kwanza, ndipo nikapanda juu kutafuta mchezo wa kukaa kitako.

Juu nilimkuta Suleiman, sisi tukimwita Sule. Alikuwa na miaka kumi na minne na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya walimu wetu. Baba yake alifanya kazi ya kutandika vitanda katika nyumba ya wageni huko Mji Mkongwe, na siku moja mgeni aliondoka akaacha kitabu kikubwa kilicholowa maji ya bahari. Kilikuwa kitabu cha mchezo, lakini mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Mnakaa chini, mmoja anakuwa msimulizi, na wengine kila mtu anajitungia mtu wake kwenye karatasi: huyu mpiganaji, huyu mwizi, huyu mjuzi. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye pango, ndani kunanguruma kitu. Mnafanyaje?" Na nyinyi mnajibu mtakalofanya. Basi ndiyo hivyo, mnaweza kukaa hapo mpaka Magharibi hamjatoka ngazini na mmeshazunguka dunia.

Kitabu kilitaka dadu za ajabu, zenye pande mpaka ishirini. Bibi yake Sule aliposikia neno dadu tu akauliza nani kaleta kamari nyumbani kwake. Tukaokota vizibo ishirini vya soda, tukaviandika namba moja mpaka ishirini, tukavitia ndani ya soksi ya skuli ya Haji. Ukitaka kuruka shimo, unatia mkono kwenye soksi. Kizibo cha namba kubwa umeruka, cha namba ndogo umekwenda na maji. Na yule aliyeandikwa kitabuni kuwa mchawi tulimwita mjuzi, maana hulitaji neno mchawi kwenye ngazi za Michenzani ukabaki na amani. Lingefika msikitini kabla yetu.

Huyo Haji mwenye soksi ndiye alikuwa mpiganaji wetu. Kila Jumatatu alirudi kutoka kwa bibi yake Jambiani ananuka mwani, mweusi kwa jua, na akijigamba kuwa kule kwao mtoto wa kiume anajifunza kupigana na pweza. Panga lake mchezoni lilikuwa refu kuliko yeye. Kumbukeni maneno haya nitakapofika mbele, maana mtu huyu leo ana ndevu na heshima zake na asidhani nimesahau.

Sasa hapo kwenye mjuzi ndipo penye kisa. Kitabu kilieleza vizuri kabisa jinsi mjuzi anavyojifunza. Hazaliwi na maneno yake ya nguvu, wala hapewi zawadi. Ana daftari. Akikutana na daftari la mjuzi mwingine, akaona neno asilolijua, hukaa nalo mpaka alielewe, kisha hulinakili kwa mkono wake mwenyewe na kwa wino wake mwenyewe, na kazi hiyo humla kutwa nzima. Na kila asubuhi hudurusu, la sivyo linamtoka. Sule alitufasiria ukurasa ule mara tatu. Haji akasema, "Mbona kama chuoni tu?" Lakini maneno yenyewe, orodha nzima, ilikuwa mwishoni mwa kitabu, na huko mwishoni chumvi ya bahari ilikuwa imegandisha kurasa. Tulipojaribu kuzibandua kwa kisu zikachanika vipande vipande.

Tukakaa. Mjuzi bila ya maneno ni mtu mwenye joho tu. Haji akatoa rai kwamba niwe mpishi wa msafara, kwa kuwa mimi ni msichana, na nilikuwa nnajiandaa kumzaba kibao nilipotupa jicho chini kwenye bomba. Kina mama kumi na kitu wamesimama na ndoo, wametugeuzia migongo, na kila mgongo una maandishi. Hasidi hana sababu. Japo sipati tamaa sikati. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nikapiga ukelele nusura nianguke ngazini: "Wajuzi wale pale! Na madaftari yao wameyavaa!"

Sule alifikiri siku mbili, kisha akatangaza sheria, na sheria zake zilikuwa ngumu kuliko za mwalimu mkuu. Kanga iliyo dukani Darajani haihesabiwi, wala iliyoanikwa kambani. Sharti iwe mwilini mwa mwenyewe. Kusoma kwa mbali na kukimbia hakutoshi. Unakwenda, unaamkia, unauliza: hii uliinunua kwa nini? Akikwambia sababu, neno limefunguka. Unaliandika pamoja na sababu yake, unakaa nalo kutwa, na kesho yake unasimama mbele ya wenzako unalisema kwa moyo, neno na sababu, bila ya kubabaika. Ukikwama, rudi kesho. Na nguvu ya neno mchezoni itatokana na uzito wa sababu.

Lo, mliuona wapi ujuzi wa namna hiyo! Neno langu la kwanza alinipa mama mmoja muuza urojo. Alivaa Wema hauozi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, naomba kuuliza, kanga hii uliinunua kwa nini?" Akauweka mwiko chini. Akasema alipata kuugua mguu, na watoto wa skuli aliokuwa akiwatilia urojo wa ziada bila ya kumuomba walikuja kumtekea maji wiki nzima. Sule akahukumu kuwa neno lile linaponya jeraha lolote. Mwingine alivaa Japo sipati tamaa sikati, akanambia aliinunua mwaka wa kumi wa ndoa yake, hajapata mtoto, na akaivaa mpaka alipompata. Nililisoma ngazini huku nnalia, na neno hilo likawa linakuruhusu kutia mkono kwenye soksi mara ya pili ukishindwa mara ya kwanza. Na alikuwapo bibiye mmoja aliyenijibu, "Rangi yake tu, mwanangu." Neno hilo Sule alilipa nguvu ya kuwasha kibatari.

Mwaka haujesha nilikuwa na maneno zaidi ya thelathini. Nilijua habari za jengo zima. Watu wazima wakasema mtoto wa Mwanaidi ana adabu, anakwenda kuuliza hali za watu, kumbe mwenzao nipo kazini.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja nisioweza kuubisha, nao ulikuwa wa Bi Zuwena wa ghorofa ya chini.

Bi Zuwena alikuwa shoga wa mama wa kufa na kuzikana. Bibi zangu wote wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, na baba alifanya kazi Pemba, tukimwona mara moja kwa mwezi. Mama aliponizaa mimi, aliyempokea ni Bi Zuwena. Ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto arubaini nzima, akampikia uji wa pilipili manga, akaniogesha mimi magotini mwake. Mwaka huo ninaousimulia mama alikuwa mja mzito tena, na ikawa inasemwa siku zote, hili tumbo ni la Bi Zuwena kulipokea. Ghafla, baada ya Sikukuu ya Mfunguo Mosi, Idi ya kumaliza Ramadhani, wakaacha kusemezana.

Hawakutukanana. Watu wa mji hawatukanani, wananunua kanga. Bi Zuwena alijitokeza bombani na Fadhila za punda ni mateke, akasimama pale ambapo mama hawezi kukosa kuiona. Wiki haikupita mama akashuka na Sina siri nina jibu. Bi Zuwena akajibu kwa Nilidhani ndugu kumbe jirani. Mama, tumbo lipo mbele, akavaa Chuki yako haipunguzi riziki yangu. Foleni nzima ya bomba, watu wanasoma kulia, wanasoma kushoto.

Na mie? Mungu anisamehe, mwanzoni nilifurahi! Kanga nne mpya, na zote zina moto. Nikamuuliza mama, "Mama, hiyo umeinunua kwa nini?" Akasema, "Nimependa maua yake." Maua! Sule akakataa katakata. "Mamako anaficha," akasema. "Hilo litawasha kibatari tu."

Wakati huo huo mchezoni tulikuwa pabaya. Zimwi la vichwa saba lilikuwa limeziba mlango wa ngome, limemwangushia Haji jiwe, na Sule kasema haliondoki ila kwa neno lililotoka kwenye kidonda cha kweli. Haji alikuwa akilalamika kila Laasiri. "Tangu Jumanne nipo chini ya jiwe! Mie nnakuja hapa kufanya nini, kutazama kuta?"

Siku moja nikapanda kutoka chuoni nikamkuta mama amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, ndoo pembeni, mkono kiunoni, jasho linamtiririka. Hakuniona. Akasema peke yake, "Zuwena, Zuwena," akanyanyuka kwa kushika ukuta. Furaha yote ya maneno mapya ikanitoka. Nikaanza kuhesabu vidole: mwezi wa saba umeingia, nani atampokea mtoto huyu? Nani atamkanda mama? Nikaingiwa na hofu ambayo zimwi la vichwa saba halijapata kunitia.

Kesho yake nikashuka mpaka chini, nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mie Ruki. Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Umetumwa na mamako?"

"Sijatumwa na mtu. Nimekuja kuomba neno."

Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na kanga ya Fadhila za punda ameifunga kifuani. Nikamweleza mchezo wetu wote, sheria zote, na daftari nikamwonesha. Akayasoma maneno ya watu aliowajua, mmoja mmoja, na nazi ikasimama. Alipofika kwa yule wa miaka kumi ya ndoa akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Unataka sababu ya hii?" akaniuliza. "Basi andika. Siku ya Sikukuu nilimpelekea mamako tambi. Nilizitia kwenye sahani yangu ya maua, ya arusi yangu, siitoi kwa mtu mwingine yeyote. Mosi pili, kesho yake ya Sikukuu, wewe mwenyewe uliniletea sahani yangu. Tupu! Imeoshwa, imefutwa, ukanambia mama anashukuru. Tangu lini sahani ya jirani ikarudi tupu, Ruki? Hata chumvi hakuwa nayo ya kutia ndani yake? Mtu niliyemkanda kwa mikono hii! Nikasema kumbe keshanichoka, na hivi ndivyo anavyonambia."

Mkono wangu uliandika mpaka pale penye sahani, ukakataa kwenda mbele.

Kwa sababu sahani ile haikutoka kwetu tupu. Mama alikuwa ameijaza visheti, vyekundu vizuri, vimeganda sukari, vile vyake alivyokuwa akisifiwa jengo zima. Akanipa niipeleke. Mie nikapitia ngazini, nikawakuta Sule na Haji wamekwama jangwani, na msimulizi kasema msafara hauna chakula. Nikasema, "Chakula hiki hapa." Tukala kimoja kimoja kwa kila siku ya safari, kama kitabu kilivyotaka, na jangwa lenyewe, jamani, lilikuwa refu. Tulipofika ng'ambo sahani ilikuwa nyeupe. Nikaiosha bombani, nikaifuta kwa baibui, nikampelekea mwenyewe. Nilidhani nimefanya jambo la maana kuiosha.

Nilimuaga Bi Zuwena nikapanda ngazi. Neno nilikuwa nalo. Kidonda cha kweli, kizito kuliko vyote, kingelipasua zimwi lile vichwa vyote saba. Ningekaa kimya juu ya visheti, ningeshinda. Lakini sheria ni sheria: neno na sababu, mbele ya wenzako. Laasiri ikafika, nikasimama, nikalisema lote bila ya kubabaika, tambi, sahani ya maua, Mosi pili, tupu.

Haji akasema taratibu, "Visheti vile?"

Sule, ambaye alikula vyake kumi na moja kwa mujibu wa hesabu yangu, akafunga kitabu. "Neno hili halinakiliki," akasema. "Aliyelivaa amedanganyika, na tuliomdanganya ni sisi. Mjuzi akitumia neno la namna hii linamrudia mwenyewe." Huyo ndiye Sule. Alikuwa mwizi wa visheti lakini msimulizi mwadilifu.

"Basi twendeni tukamwambie mama," nikasema.

Enhe, sasa ndipo nilipomjua mpiganaji wetu. Yule wa panga refu, yule wa pweza wa Jambiani, alikuwa wa kwanza kuteremka ngazi, akaacha hata soksi yake. Sule akakumbuka kuwa bibi yake anamwita, na mimi sikusikia mtu akiita. Nikabaki peke yangu na daftari langu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje, kwa usalama. Nikasema visheti vilikwenda wapi. Nikasema Bi Zuwena alipokea nini. Nikangoja sinia linirukie.

Mama akaweka sinia chini polepole, akavaa baibui lake, akanishika sikio, na tukashuka ghorofa nne hivyo hivyo, yeye mkono mmoja ukutani na mmoja sikioni kwangu, tumbo limetutangulia. Kila tulipopita mlango ukafunguliwa. Alipofika chini hakubisha hodi.

"Zuwena! Msikilize huyu!"

Nikasema mara ya pili, sikio likiwa bado mikononi mwa mama. Bi Zuwena akanitazama, akamtazama mama, akanitazama tena.

"Visheti?" akasema.

"Sahani tele!" mama akasema. "Nilivipanga mimi mwenyewe. Nikakaa nnangoja uniambie vimekuwaje. Badala yake unanivalia punda!"

"Mtume! Mwanaidi! Mie kutwa nasema umenichoka!"

"Nikuchoke nini, shoga yangu! Nani ninaye mie!"

Na wakaanza kulia, watu wazima wale, wameshikana katikati ya chumba, tumbo baina yao, kisha sijui nani aliyeanza kucheka, wakacheka mpaka Bi Zuwena akakaa chini kwenye mkeka akijipiga mapaja. "Eti chakula cha jangwani!" akawa anasema. "Eti msafara!" Mie nikajiunga kucheka, nikakatazwa. Nilipewa adhabu ya kukanda unga wa visheti siku tatu mfululizo, vya jengo zima, na Haji na Sule wakaitwa kwa majina yao kamili kuja kuchochea moto. Mikono iliniuma mpaka sikuweza kushika kalamu chuoni. Sijapata kuumwa na mikono nikafurahi kama siku zile.

Wiki ile ile wakanichukua Darajani. Mnajua kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Wakapekua duka zima, wakamchosha mwenye duka, mpaka Bi Zuwena akapiga kofi moja juu ya meza. Imeandikwa: Tumeshapatana, mtasemaje? Wakaikata papo hapo, kipande kwa mama, kipande kwa Bi Zuwena, na shoga akigawana doti na shoga ujue pale hapana neno tena. Waliteremka bombani siku hiyo wamevaa wote wawili, ubavu kwa ubavu, na ndoo ya mama kaishika Bi Zuwena. Foleni nzima ikapiga vigelegele. Na pale pale, mbele ya watu, nikauliza: "Shikamooni. Hii mmeinunua kwa nini?"

Walinijibu kwa pamoja, na nilivyoambiwa siwezi kuviandika hapa vyote, maana nusu yake ilikuwa ni masimango juu yangu. Niliandika kila herufi.

Jumanne ngazi ilijaa. Mama kakaa kwenye kiti, Bi Zuwena kwenye ndoo aliyoigeuza, na bibi yake Sule kaja kuhakikisha hapana dadu. Nikasimama mbele ya zimwi la vichwa saba. Nikalisema neno na sababu yake, kuanzia tambi mpaka Darajani, na sikukosea pahala. Sule akakuna kichwa. Hakukuwa na sheria ya neno lenye wenyewe wawili. Akahukumu kuwa litapewa mikono miwili ya soksi, na kizibo kimoja kati ya viwili lazima kizidi kumi na mbili.

Nikatia mkono. Nne. Bi Zuwena akasema, "Yarabi!" kama mtu aliyepotelewa na pete. Nikatia mara ya pili, nikakishika kizibo ndani ya soksi kwa muda mrefu, nikakitoa.

Kumi na tatu.

Ngazi ziliripuka! Zimwi likaanguka vichwa vyote saba, mlango wa ngome ukafunguka, na Haji akatoka chini ya jiwe lake baada ya wiki mbili kamili akirukaruka na kumkumbatia kila mtu, hata bibi yake Sule. Mama alipiga kigelegele ambacho watu wa jengo la pili walidhani ameshajifungua. Mie nilibebwa juu juu mpaka ghorofa ya juu na kurudishwa, daftari langu mkononi, na tangu siku ile mpaka leo sijajiona mkubwa vile tena, si siku ya kumaliza skuli, si siku ya arusi yangu.

Mtoto alizaliwa baada ya miezi miwili na kitu, wa kike, mikononi mwa Bi Zuwena, na arubaini yote mama hakushika ndoo.

Sasa hivi nnapoandika, mwana wa mtoto yule yule, mpwa wangu wa miaka minane, amejilaza kwenye kochi langu na simu, miguu ukutani. Naye anacheza mchezo wa wajuzi, ati. Juzi akanionesha kwa fahari. Mjuzi wake ana joho linalong'aa, fimbo inatoa cheche, na ana maneno ya nguvu mia tatu.

"Mia tatu?" nikasema. "Na yote umejifunza?"

"Yeye ndiye anajua, Mama Mkubwa. Mie nabonyeza tu."

"Kakupa nani?"

"Hakunipa mtu. Yanakuja yenyewe ukipanda daraja."

Masikini. Maneno mia tatu, na hajamwamkia mtu hata mmoja. Nimewahi kumwona akisimama kando ya kina mama waliovaa kanga, kichwa kwenye simu, wala hajui kuwa wamevaa maneno. Sisemi watoto wa leo ni wajinga, wana akili kutushinda, na akinirekebishia simu yangu nnampa dua. Ila ngazi za Michenzani nikizipita sasa zipo kimya, na mwenye kanga mpya hana wa kumuuliza kwa nini.

Basi nikamsimulia kisa hiki chote, visheti, sikio, ghorofa nne. Alisikiliza vizuri, hata simu ikazimika mkononi. Nilipomaliza akafikiri kidogo, akasema, "Mama Mkubwa, usingesema usingevutwa sikio. Afadhali mie nabonyeza."

"Mwanangu," nikamwambia, "ningebonyeza mie siku ile, mama yako leo asingeitwa Zuwena."